Nyara Ukutani na Mke Aliyenyamaza



Babati ni mji ulio chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko, katika njia iendayo Arusha na Dodoma. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Sisi watu wa mwambao si wageni huko. Misafara ya Pangani ilifika Irangi na Umbugwe kutafuta pembe za ndovu katika karne ya 19, na hadi leo utawakuta huko Waislamu wenye asili ya pwani, wana maduka yao, misikiti yao na makaburi ya wazee wao. Mimi pia nina binamu yangu huko, na nyumbani kwake ndiko lilikoanzia neno hili ninalotaka kukwambia.

Nalifika jioni. Nilipovua viatu na kuingia ukumbini, wa kwanza kunilaki alikuwa nyati. Kichwa kizima na shingo yake, kimepachikwa juu ya kibao cha mninga, na macho yake ya kioo yanameta kwa taa. Kuliani kwake yuko tandala mwenye pembe za kujisokota. Kushotoni imetandazwa ngozi ya chui, kinywa wazi, meno nje. Na katikati ya hao watatu imetundikwa picha ya Alkaaba. Binamu yangu akanihadithia kwa furaha: nyati alimpiga mwenyewe kwa leseni, na karatasi zake anazo, tandala na chui ni urithi wa babake. Nami, nakiri mbele yako msomaji, nilisema: "Mashaallah, umeipamba nyumba." Wakati huo mkewe alikuwa akitwekea kahawa. Alinitazama mara moja, akainamisha macho, akatoka.

Ilipofika Isha niliona jambo. Ukumbi ule ni mpana na ulikuwa mtupu, lakini wanawake wa nyumba ile walisali katika ujia mwembamba ulio karibu na stoo, mmoja nyuma ya mwenziwe, vipaji vya nyuso vyao vikikaribia magunia. Asubuhi yake, mbele ya mama mkwe wake, nikamwuliza shemeji sababu. Akasema: "Shemeji, nilimwambia mara moja, mwaka ule wa kwanza, kuwa moyo wangu hautulii na vitu hivi. Akacheka. Sikusema tena. Kila Ijumaa mimi ndiye niwapangusaye vumbi machoni. Mtoto wangu mdogo hapiti pale usiku mpaka nimshike mkono. Na jana umekuja wewe, tunayekutegemea kuwa una elimu kidogo, ukamwambia Mashaallah."

Basi makala haya ni toba yangu kabla ya kuwa lawama kwa mwengine.

Hebu sasa tuipime hoja kwa mizani ya haki, tusimdhulumu mtu. Wako watakaodhani kuwa napiga vita uwindaji. La hasha! Mawindo ni halali kwa Qurani, na Suratul Maida imetubainishia hukumu zake, mpaka za mbwa aliyefunzwa kuwinda. Binamu yangu alipompiga yule nyati alitaja jina la Mungu, nyama ikagawiwa majirani mtaa mzima, na hilo namsifu kwalo. Huko huko Manyara, katika bonde la Yaeda Chini wilayani Mbulu, Wahadzabe huwinda kwa upinde ili wale wao na wenzao. Mtu akila alichokiwinda hana deni. Swali langu linaanza baada ya kula: kile kichwa kimebaki ukutani kwa kazi gani?

Wala sitaegemea hoja dhaifu. Wako wasemao kuwa kichwa kilichokaushwa ni sanamu, na kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Lakini maulamaa wengi wa zama zetu wamesema kuwa mnyama aliyekaushwa si sanamu iliyochongwa na mtu, kwani umbo lile ni la Muumba mwenyewe. Hoja hiyo basi naiacha. Zilizobaki zatosha.

Kwanza, ni suala la tohara. Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafi. Katika madhehebu yetu, mnyama aliwaye akichinjwa au kuwindwa kisharia ni tohara, ngozi yake na pembe zake. Lakini chui haliwi, na kumchinja hakumtoharishi. Yeye ni mzoga kwa vyovyote. Ngozi ya mzoga hutoharika kwa kutiwa dabagha, ila manyoya yake, kwa kauli mashuhuri ya madhehebu, dabagha haiyatoharishi. Na huyo tandala wa urithi, nani ajuaye kama alichinjwa au alikufa porini? Basi yule mama aliyehamia kando ya magunia asali hakuwa mjinga wala mwoga. Huenda alijua fiqhi kuliko sisi tuliokaa makochini tukinywa kahawa.

Na zaidi ya hayo, imepokewa katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza ngozi za wanyama wakali wararuao. Wako maulamaa walioeleza kuwa miongoni mwa sababu zake ni kiburi, kwani zilikuwa ni pambo la wenye kujitukuza. Na hapa ndipo tunapofika kwenye shina la maradhi.

Pili, ni fakhari. Mila hii ya kutundika vichwa kama tuionavyo leo hatukuirithi kwa babu zetu wa mwambao. Imetujia kwa mabwana wa kikoloni. Mwaka 1892 huko London, Rowland Ward, mkaushaji wa wanyama, alianza kuchapisha kitabu cha vipimo vya pembe, ya nani ndefu na ya nani fupi, na tangu hapo mnyama akahesabiwa kwa inchi. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliteremka Mombasa, yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512. Wengi walipelekwa makumbusho ya Washington, lakini nyumba yake ya Sagamore Hill nayo haikukosa vichwa vyake. Mwishoni mwa 1933 akaja mwandishi Ernest Hemingway pamoja na mkewe Pauline. Akawinda pande za Ziwa Manyara, akapitia Babati hiyo hiyo, mpaka akafika karibu na Handeni akimfuatia tandala. Kitabu alichokitoa mwaka 1935 juu ya safari hiyo chakiri jambo la ajabu: mwenziwe alipata pembe kubwa kuliko zake, na furaha yake yote ikaingia nyongo ya husuda. Mtu amesafiri bahari mbili, amepata alichokitaka, na bado hakulala kwa raha kwa sababu ya pembe za mwenziwe! Hii ndiyo fakhari, ndugu msomaji. Haina kushiba. Leo nyati, kesho utataka aliye mkubwa kuliko wa jirani.

Litazame hata neno lenyewe. Sheria zetu za Tanzania huviita vitu hivi nyara. Nyara ni mali itekwayo vitani kwa adui. Sasa nikuulize: nyati alikutangazia vita lini? Tandala alivamia mji upi? Kiumbe cha Mungu umekipiga risasi kwa mbali nacho kikila majani, kisha ukakitundika kichwa mithili ya jemadari aliyeshindwa. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya kuchezea, na imepokewa kwa Nasai kuwa hata shomoro auawaye bure bila manufaa atamshitaki muuaji wake Siku ya Kiyama. Ikiwa shomoro ana kesi, je, chui?

Hapa wako watakaonijibu: "Mbona wazee wetu walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu?" Naam, siwa ya Pate ni ya pembe, nayo imehifadhiwa makumbusho ya Lamu. Lakini siwa ilikuwa chombo, ikipulizwa arusini na katika mambo makubwa ya mji, watu wakakusanyika. Kichwa cha ukutani hakipulizwi, hakiliwi, hakivaliwi. Kazi yake ni moja tu: kumwambia mgeni, "Mtazame mwenye nyumba." Na tukitaka kuwataja wazee kwa insafu, basi tukumbuke pia kuwa biashara ya pembe tuliyoisimamia sisi wa pwani iliwamaliza ndovu wa pande nyingi, ili Ulaya na Marekani wapate vibonyezo vya piano. Hilo si la kujifakhiria.

Tatu, ni sheria ya nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na iliyoishika nafasi yake mwaka 2009, zote zimelifanya kosa la jinai kumiliki nyara bila ya kibali. Binamu yangu ana karatasi za nyati. Za tandala na chui hakunitajia. Usiseme "ni urithi wa marehemu baba" ukadhani umeokoka. Siku ya kuulizwa, marehemu hataitwa mahakamani, utaitwa wewe, na mkeo ambaye hakuvitaka atabaki na watoto. Na usidhani kuwa serikali inafanya ukali wa bure. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabu ndovu wapatao 109,000. Mwaka 2014 wakakutwa kama 43,000 tu. Hifadhi ya Tarangire, iliyo jirani na Babati, ni nyumba ya ndovu hao waliosalia. Kila ukuta unaosifiwa kwa nyara humfundisha kijana fulani kuwa mnyama aliyekufa ana thamani kuliko aliye hai.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni haki ya mke. Najua jawabu iliyo tayari midomoni mwa wengi: "Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu, na mwanamke atazoea." Ewe ndugu yangu, hebu zingatia! Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 19, tukae na wake zetu kwa wema. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, hata kumwachisha mtoto ziwa kumewekewa sharti la kuridhiana na kushauriana baba na mama. Ikiwa mambo ya kitoto kichanga hayakuachiwa amri ya mmoja, vipi ukuta ambao mke anautazama tangu alfajiri hadi usiku, nawe unauona saa mbili tu baada ya kufunga duka? Na katika Suratur Rum tumeambiwa kuwa wake tumeumbiwa ili tupate utulivu kwao. Nyumba twaiita maskani, na neno hilo ni la shina moja na sakina. Basi nyumba ambayo mwenyewe hatulii ndani yake ina jina la maskani bila ya maana yake.

Kumbuka kisa alichokipokea Bukhari. Bibi Aisha (R.A.) alinunua mto wenye picha. Mtume alipouona alisimama mlangoni, hakuingia. Bibi Aisha akaijua karaha usoni mwake, akauliza papo hapo amekosa nini. Utasema sababu ile ilikuwa ya dini, nami nakubali. Lakini tazama adabu ya watu wa nyumba: uso ulitosha. Hakungojea kelele wala kikao cha wazee. Sasa mimi nakuuliza wewe mwanamume: ikiwa uso wa mume ulitosha, kwa nini uso wa mke usitoshe? Mkeo amekutazama mara ngapi kwa macho yale niliyotazamwa mimi jioni ile, nawe ukadhani ni uchovu wa jikoni?

Na usijidanganye kwa kunyamaza kwake. Kunyamaza kwa mwari anapoposwa huhesabiwa ridhaa kwa sababu ya haya. Kunyamaza kwa mke aliyekwisha sema akachekwa ni kitu chengine kabisa. Huyo amekata tamaa nawe, na mke aliyekata tamaa katika jambo dogo hujifunza kunyamaza katika makubwa.

Kabla sijaondoka Babati nilimwita binamu yangu, nikamwambia mbele ya mamake: "Ile Mashaallah yangu ya juzi naiondoa. Nilisema kwa adabu ya ugeni, sikusema kweli." Nikamweleza haya niliyokueleza wewe. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema kuwa pembe zile ni kumbukumbu ya babake. Nikamjibu kuwa kumbukumbu ya baba ni dua, na sadaka ijulikanayo kwa jina lake, na kuwaunga jamaa na rafiki zake. Hakuniahidi kitu. Akanisindikiza hadi stendi, tukaagana kwa heri.

Basi ndugu msomaji, nawe kama unacho kitu cha namna hii, ama pembe ama ngozi, iwe Tanga, Mombasa, Unguja au bara, fanya haya. Muulize mkeo leo, na umngojee ajibu. Kisicho na karatasi kiulizie kwa watu wa wanyamapori wa wilaya yako kabla hawajakuuliza wao. Kilicho najisi kitoe katika nyumba isaliwayo. Kilicho tohara na halali, na mkeo hakitaki, kishushe; misumari ikitoka ukuta hupakwa chokaa, ukarudi kuwa ukuta. Na wanawake wa nyumba yako uwarudishie ukumbi wao wasali kwa nafasi.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote, na azijaalie nyumba zetu kuwa maskani kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.