Wa Rufiji ni Chozi
Makala iliyodai kwamba Ndundu, Rufiji, kuna ndege wavumaji imepotosha. Ndege hao asili yao ni mabara ya Amerika tu. Hawaishi porini popote Afrika. Wetu ni chozi. Mtazame dume la chozi kifua-chekundu: mwili mweusi, utosi wa kijani unaong'aa, kifua kama kaa la moto. Kwa kawaida hutua tawini ndipo anyonye. Wala haishi kwa mbochi wa maua pekee, kama ilivyoandikwa. Hula pia wadudu na buibui, na hao ndio huwalisha makinda. Katika delta ya Rufiji, chozi wakigusa kwa mdomo ua la msinzi, aina ya mkoko, ua hilo hufumuka na kuwamwagia chavua. Anayefyeka mikoko alime mpunga anawanyima chakula. Tuulinde msinzi.