Spika Mdomoni mwa Mtungi

Wapo wenzetu walimu wanaocheka wamwonapo kijana wa Oraba ametia spika kuukuu mdomoni mwa mtungi. Husema huko ni kubahatisha. Aanze na hesabu za mawimbi. Nami nauliza: je, wamepata kuusikiliza mtungi huo?

Spika isiyo na kasha hutoa sauti mbele na nyuma. Zile nzito za nyuma huzunguka ukingo, zikakutana na za mbele na kuziua. Ndiyo maana besi haisikiki. Mtungi huzitenga. Kijana haijui kanuni hiyo kwa jina, lakini ameipata kwa sikio, kwa kubadili mitungi na kujaza pamba. (Mtungi wenye ufa humzomea papo hapo!)

Wala wakubwa wa fani hawakuidharau mikono. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alibuni spika ya kasha dogo lililozibwa, hewa ya ndani ikafanya kazi ya springi. Wazo alikuwa nalo, naam. Hata hivyo ilibidi kitambaa cha godoro kishonwe kuizunguka spika ya majaribio.

Sisemi kitabu hakina kazi. Kitabu ndicho kitakachomweleza kwa nini mtungi huvumisha noti moja kupita nyingine. Lakini kimkute ameshausikia uvumi wenyewe.

Na sisi wa lugha tusicheke. Wanafunzi wetu hutaja ngeli zote bila kukosea, kisha hushindwa kununua waya kwa Kiswahili; ilhali mchuuzi asiyeijua ngeli hata moja huafikiana bei na madereva waendao Kaya.