Herufi Nene za Mlazo na Uvivu wa Kalamu

Herufi ni vazi la neno, na kila vazi lina siku yake. Avaaye joho la harusi kila asubuhi hupata hasara mbili: joho huchakaa, na siku ya harusi ikifika hana la kuvaa. Ndivyo yalivyo leo mambo ya herufi nene za mlazo katika maandishi ya Kiswahili. Tasnifu zimejaa herufi hizo, makala zimejaa, hata matangazo ya mazishi hayakusalimika. Mwandishi akiona neno lake halina nguvu, hulinenepesha. Akiona bado ni dhaifu, hulilaza. Neno hupata wino, nguvu hailipati.

Mlazo na unene havikuzaliwa siku moja, wala kwa haja moja. Mwaka 1501, mjini Venice, Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil yaliyopigwa chapa kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Herufi hizo hazikukusudiwa kutilia mkazo neno lolote. Ziliiga mwandiko mwepesi wa wasomi wa Italia, nazo zilienea kitabu kizima, kitabu kidogo cha kuchukulika mkononi. Unene wa kutilia mkazo ulikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Mwaka 1845, mjini London, kiwanda cha Fann Street, ambacho Robert Besley alikuwa mshirika wake, kilitoa Clarendon, herufi nene ya kusimama kando ya herufi za kawaida ili jicho lilione neno upesi. Mlazo, basi, ni mtoto wa mwendo. Unene ni mtoto wa kituo.

Kuwaoza wawili hao si kazi nyepesi. Katika mlazo wa kweli herufi a huvua kofia yake ikabaki tumbo na mkia. F huteremka chini ya mstari. Na serifu, vile vikono vidogo vya nchani, hupinda kama kalamu inayokimbilia herufi ya pili. Unene nao hujaza wino matumboni mwa a na e, hata chapa ikiwa ndogo matumbo hayo huzibika. Kwa hiyo fundi hodari huichora kila herufi upya. Kompyuta inayoisukuma tu herufi wima ikainama, kisha ikaipaka unene, hutoa herufi ya bandia, nayo hujulikana kwa a yake ambayo bado imevaa kofia.

Herufi hizi zina kazi zake za halali. Katika hisabati na fizikia, vekta huandikwa kwa herufi nene ya mlazo, na hapo sura ya herufi ni sehemu ya maana. Jina la kisayansi la mbu Anopheles gambiae huandikwa kwa mlazo. Likiingia katika kichwa cha habari kilicho kinene, halina budi kuwa nene na la mlazo pamoja. Tangazo la maneno matatu ukutani nalo lina ruhusa yake. Zaidi ya hayo, haja ni chache.

Zamani uchache huo ulilindwa na taabu. Mwandishi aliyetaka mlazo alipiga mstari chini ya neno katika mswada wake. Aliyetaka unene alichora mstari wa mawimbi. Aliyetaka vyote alichora yote miwili, na mkono ukapata nafasi ya kujiuliza kama pana haja. Mwaka 1992 Windows 3.1 ilileta Times New Roman yenye sura nne, nene ya mlazo ikiwa mojawapo. Taabu ikaondoka, na kujiuliza kukaondoka nayo.

Watetezi husema msomaji wa leo ana haraka, sharti aonyeshwe penye jambo. Lakini ukurasa wenye mikazo ishirini hauonyeshi kitu. Ni soko ambalo kila mchuuzi anapiga kelele. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena Kiswahili hakikuumbwa maskini wa mkazo. Asemaye "Elimu iliwakomboa" akataka kukaza, hana haja ya wino: "Elimu ndiyo iliyowakomboa." Asemaye "Wao hawakuja" ageuze mpango: "Hawakuja wao." Kwa karne nyingi washairi wa pwani waliandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu, zisizo na herufi kubwa wala ndogo, na mlazo wa Griffo hawakuuhitaji. Mkazo waliutia katika kina, katika mizani, na katika neno lililowekwa mahali pake.

Tofauti hudhihirika maandishi yanaposomwa kwa sauti redioni au darasani, au yanaponakiliwa kwa mkono. Hapo unene huanguka, mlazo huanguka, na sentensi iliyoegemea juu yao huanguka pamoja nao. "Ndiyo" haianguki. Mwalimu apokeaye tasnifu iliyojaa herufi nene za mlazo aamuru zote zifutwe, kisha aisome tena. Sentensi itakayobaki imesimama ina mwandishi. Itakayolala ilikuwa imelala tangu mwanzo.