Udongo wa Owino Uhuru Usafishwe Kabla ya Kujengwa

Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia wakazi wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, fidia waliyokuwa wameipigania kwa miaka mingi. Kila mpenda haki aliipokea hukumu hiyo kwa furaha. Lakini tusidhani kwamba kazi imekwisha. Fidia ni jambo moja, na udongo ni jambo jingine.

Tuwakumbushe wasomaji wetu. Tangu mwaka 2007 hadi 2014, kando ya kijiji hicho chenye watu wapatao 3,000, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi wake uliingia majumbani, na maji yake machafu yalipita kati ya nyumba za wananchi. Watoto waliugua na kina mama waliharibikiwa na mimba. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu, akaanza kuwaunganisha wenzake kudai haki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuusafisha. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ndiyo iliyoirejesha.

Wako watakaosema kwamba kiwanda kilifungwa zamani, basi hatari imepita. Hilo ni kosa kubwa. Risasi haiozi wala haichakai. Hukaa katika tabaka la juu la udongo, pale pale watoto wanapocheza, na huingia mwilini kwa vumbi na kwa mikono michafu. Ikiingia katika damu ya mtoto huharibu ubongo wake, na Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Jirani zetu wa Kabwe, nchini Zambia, wanalijua hilo. Mgodi wao wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa baada ya hapo wameendelea kukutwa na sumu ile ile.

Tunaogopa jambo moja zaidi. Katika miji yetu ardhi ni adimu na bei yake hupanda kila siku. Kiwanja cha kiwanda kilichokufa huzungushiwa ukuta, huuzwa, kisha hujengwa nyumba za kupangisha au hata shule, bila mtu kuuliza chini kuna nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kumwaga zege juu ya sumu bila kuipima ni kuwaachia wajukuu deni.

Si kwamba kazi hii haiwezekani. Waingereza walipotayarisha Michezo ya Olimpiki ya 2012 huko mashariki ya London, katika ardhi iliyochafuliwa na viwanda kwa miaka mingi, walianza kwa kupima udongo na kuuosha papo hapo. Ndipo wakajenga. Leo pana bustani na nyumba za watu.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wahusika wote. Kwanza, udongo upimwe kila pembe, si kiwandani tu bali na nyua za wananchi, na matokeo yabandikwe hadharani. Pili, udongo wenye sumu uondolewe na kuletwa mwingine safi, na wakati wa kuchimba umwagiwe maji ili vumbi lisitimke. Tatu, udongo utakaoondolewa usiende kutupwa mlangoni kwa maskini wengine, bali uzikwe katika shimo maalumu lisilovuja. Nne, hati ya ujenzi isitolewe mpaka vipimo vipya vionyeshe kwamba pako salama.

Na gharama je? Sheria ya Kenya imekwisha kusema kwamba mchafuzi ndiye mlipaji, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Tena hatuoni haya kusema kwamba mahakama iliona idara za serikali nazo zina sehemu ya lawama, kwa kuwa zilikuwa na wajibu wa kusimamia. Idara iliyolala wakati sumu ikimwagwa haina budi kuwa macho wakati wa kuisafisha.

Wakazi wa Owino Uhuru wamekwisha kufanya sehemu yao. Walisema, walishtaki, wakashinda. Sasa wanangoja sepetu na toroli. Zipelekwe.