Mbung'o si mbungo

Haya, leo tuongee kuhusu alama ndogo sana: ile inayokaa kati ya g na o katika neno ng'ombe.

Wengi wetu tunaoandika programu hudhani balaa la herufi ni la Wafaransa na Wajapani. Kiswahili si a hadi z tu? Basi tazama Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, linalojulikana tangu zamani kwa mbung'o wanaoambukiza ng'ombe nagana. Tuseme mtu wa huko anaandika: "mbung'o wamerudi". Programu nyingi za kuandikia zitageuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyonyooka ni baiti moja ya ASCII. Iliyopinda ni baiti moja nyingine katika Windows-1252, na baiti tatu katika UTF-8.

Sasa utume ujumbe huo kwa IRC. Hati ya itifaki hiyo, RFC 1459 ya mwaka 1993, inasema wazi kwamba haichagui mfumo wowote wa herufi. Zinapita baiti tu, na anayepokea akisie mwenyewe. Akisoma UTF-8 kama Windows-1252 ataona "mbungâ€™o". Na programu inayofuta isichokielewa itamwachia "mbungo", yaani mmea unaozaa mabungo. Onyo la mdudu limekuwa habari ya matunda!

Msimamo wangu ni huu: kukisia hakuepukiki, lakini tukisie kwa utaratibu. Kwanza soma baiti kama UTF-8, bila kusamehe kosa hata moja. Maandishi ya mfumo mwingine yenye alama nje ya ASCII ni nadra kupita mtihani huo. Yakishindwa, yasome kama Windows-1252. Usifute kitu, na hifadhi baiti zilivyokuja ili kisio baya liweze kurekebishwa. Wewe ukituma, tuma UTF-8 siku zote.

Wapo watakaosema, si watu waandike tu alama iliyonyooka? Hapana jamani. Mfugaji ana kazi yake, na hii ni yetu. RFC 2277 ya mwaka 1998 ilishataka itifaki mpya zitaje mfumo wa herufi na ziweze kutumia UTF-8. Zile za zamani bado tunazo, na hazitajirekebisha zenyewe. Kwa hiyo ukijaribu programu yako, usiishie kwenye "habari dunia". Ijaribu kwa mbung'o, kwa alama zote mbili.