Daftari la Wiki: Vioo, Jua na Upenu

Ghorofa jipya hapa Posta, Dar es Salaam, limevuliwa nyavu za ujenzi. Vioo vya buluu juu mpaka chini, pande zote nne sawasawa, na utepe wa dhahabu kwenye kona. Utepe uondolewe.

*

Kinachoniudhi zaidi ni hizo pande nne kufanana. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa na upenu mfupi tu wa zege. Kazi iko mashariki na magharibi, ambako jua huja likiwa chini na kukipiga kioo usoni. Msanifu anayeijua nchi yake huupa kila upande sura yake. Anthony Almeida alilijua hilo hapa hapa Dar tangu miaka ya 1950. Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso walilijua pia: katika jengo la mikutano la KICC, Nairobi, lililofunguliwa 1973, madirisha yamerudishwa ndani, kwenye kivuli cha zege. Hili letu limeachiwa viyoyozi. Madirisha hayafunguki, umeme ukikatika saa nane mchana, ofisi ni tanuri.

Na chini je? Bomba la kiyoyozi linadondosha maji pale pale watu wanapopita. Muuza kahawa aliyekuwa akikaa hapo amebeba birika na jiko lake, akavuka kwenda kwenye jengo la zamani ambalo ghorofa yake ya kwanza imetokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu. Pale jua halikuchomi, mvua haikufikii. Wateja wote wamemfuata.

*

Kwenye ghorofa jingine, alukobondi (mabamba ya alumini ya kufunika kuta) ya rangi ya chungwa imeshapauka. Jengo halijapata hata wapangaji.

*

Na hiyo alukobondi si suala la urembo peke yake. Mabamba ya alumini yenye plastiki katikati ndiyo yaliyoueneza moto kwenye kuta za Grenfell Tower, London, Juni 2017. Watu 72 walikufa. Mwenye jengo yeyote aliyebandika mabamba ya alumini amuulize mkandarasi katikati kuna nini, na ajibiwe kwa maandishi.

*

Benki moja imejenga benchi la zege nje ya uzio wake, chini ya mwarobaini. Asanteni sana.

*

Ukiwa kwenye pantoni la Kigamboni jioni, mnara wa Mamlaka ya Bandari unapendeza, nakubali kwa moyo mweupe. Ugomvi wangu na maghorofa haya uko kwenye vioo vyake, na chini anapopita mtu.

*

Narudi kwenye upenu, na nitarudi tena. Ninyi mnaotoa vibali vya ujenzi jijini, kabla ya kugonga muhuri mwambieni mwombaji aonyeshe kwenye ramani mpita njia atasimama wapi saa saba mchana, na wapi mvua ikinyesha. Asipoonyesha, mrudishieni ramani yake.