Mazungumzo ya Nyumbani: Kanisa Dogo Juu ya Mwamba

Sisi mume na mke tulikwenda Edinburgh, mji wa kale wa Uskoti, tukakaa siku mbili. Siku ya kwanza tulipotea katika vichochoro vya mji. Mke alikuwa ameisoma ramani, lakini mume hakukubali kuonyeshwa njia na mkewe. Usiku ule tulilala hatusemezani.

Asubuhi tulipanda ngomeni, juu ya mwamba mkubwa. Humo mna kanisa dogo la mawe, jengo la kale kuliko yote ya mji ule. Mfalme David wa Kwanza alilijenga yapata mwaka 1130, kwa ukumbusho wa mama yake, Malkia Margaret. Mwaka 1314 ngome ilipobomolewa vitani, kanisa hilo liliachwa.

Habari za malkia huyu ziliandikwa na Turgot, mtawa aliyemjua. Asema kwamba mumewe, Mfalme Malcolm, hakujua kusoma. Walakini alivishika vitabu alivyovipenda mkewe, akavibusu, na pengine akaagiza kitabu kipambwe kwa dhahabu na vito. Mwaka 1093 mfalme aliuawa vitani, naye malkia akafa siku chache baadaye.

Tulinyamaza mle ndani. Kisha mume akaomba radhi, naye mke akamsamehe. Tuliposhuka, mke alitangulia na ramani yake, wala hatukupotea tena.

Enyi waume, na ninyi walimu hasa, wake zenu wakijua msiyoyajua, hiyo ni baraka ya nyumba, si aibu.